Jenereta "Imelala"

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Arua, Mkuu wa Msafara alinionyesha gari-nyumba: kliniki ya macho yenye magurudumu sita, ndani vitanda, jiko, friji ya dawa na kiyoyozi. Niliyahesabu magurudumu, nikayahesabu tena, maana nilishawahi kupunjwa nikinunua baiskeli sokoni.

"Wewe utachunga jenereta," alisema. "Hii inajiwasha yenyewe."

"Sasa mimi iko nafanya nini?"

"Unachunga isijiwashe vibaya."

Niwaeleze, ninyi vijana mnaoanza kazi hii. Ukutani kulikuwa na kisanduku kilichopima betri. Chaji ikishuka, au kiyoyozi kikitaka nguvu, kisanduku kiliwasha jenereta bila kumwomba mtu ruhusa. Betri zikijaa, kiliizima. Swichi yake ilikuwa na nafasi tatu: ZIMA, WASHA na OTO. Kwenye OTO jenereta iko kimya, lakini iko macho. Kabla ya kuifungua unaweka ZIMA, kisha unachomoa waya wa betri ya kuwashia.

Sisi tulikuwa na neno letu: imelala. Iliyozimwa, imelala. Iliyo kwenye OTO ikingoja, nayo imelala. Mhandisi aliyekuja kutukagua alilikataa. "Semeni swichi iko wapi," alisema. Alipoondoka tulimcheka. Mtu wa vitabu.

Mwaka wa tatu tulihamishiwa Koboko. Adhuhuri moja mkanda wa feni ya jenereta ulikuwa ukipiga kelele; jenereta ilipojizima, Ezati akafungua kifuniko. Huyu alikuwa fundi wetu, mtu wa Mvara, kule Arua. Mimi nilisimama upande wa pili wa gari nikibishana na muuza mihogo.

"Ndugu, jenereta iko namna gani?" Ezati aliita.

"Imelala," nikajibu bila kugeuka.

Ndani, daktari akawasha kiyoyozi. Jenereta ikaamka, na mkanda ukaondoka na vidole viwili vya mkono wa kulia wa Ezati.

Mkuu wa Msafara aliniuliza nani alimruhusu aguse. "Nilimwambia asubiri," nikasema. Vidole viwili, maneno mawili, hesabu ilikubali. Ezati alikuwa hospitali, hakuna aliyemuuliza. Aliachishwa kazi kwa uzembe, bila fidia. Mimi nikapandishwa kuwa Msimamizi wa Mitambo, nikapiga marufuku neno imelala, nikasifiwa kwa kujali usalama. Sifa hizo nilizipokea miaka yote, sikurudisha hata moja.

Nilipostaafu nilikwenda Mvara, sukari mkononi. Ezati alikuwa akifunga tairi la baiskeli kwa mkono wa kushoto.

"Ile siku swichi ilikuwa wapi?" aliuliza kabla sijakaa.

"OTO."

"Mimi najua. Watoto yangu hawajui. Wao nasema baba yao alikuwa fundi mzembe."

"Nisamehe, ndugu. Mimi na wewe tuyamalize hapa hapa."

"Usipunguze bei," alisema. "Ambia wao. Halafu ambia watu ya kazi."

Watoto wake, watu wazima sasa, niliwaambia siku ile ile. Walinisikiliza nikiwa nimesimama mlangoni. Hakuna aliyeleta kiti, na sikukitazamia. Ninyi ndio watu wa kazi, basi iliyobaki ni yenu: Ezati aliuliza kabla ya kugusa. Swichi niliiacha mimi kwenye OTO, na aliyemjibu ni mimi.