Kiti cha Tano

Ukitumwa kukodi ndege ndogo, usiogope. Ni rahisi kuliko unavyodhani. Bei ni ya ndege nzima, pamoja na safari yake ya kuja tupu kutoka Nairobi. Kiti kisichokaliwa kinalipiwa vilevile. Hivyo ndivyo mimi, karani wa kiwanda cha chai huku Boito, nilivyomshawishi meneja anipe kiti cha tano, nisafiri na wageni wake wanne. Sikuwa nimewahi kupanda ndege, na kanisa lote lilishajua napanda.

Fomu iliuliza uzito wa kila abiria, kwa sababu uwanja wetu wa nyasi ni mfupi. Nikajiandikia kilo sabini na mbili. Nilikuwa nazo nilipooa.

Siku ya safari, rubani aliangalia fomu, kisha tumbo langu. "Kuna mizani hapa?"

Ilikuwepo moja tu, ya kituo cha kununulia majani, ng'ambo ya barabara. Wachumaji walikuwa kwenye foleni na magunia yao. Chepkoech, anayepima, akacheka. "Shika ndoano, mzee. Inua miguu!"

Nikaning'inia na suti yangu.

"Mia moja na moja!" akatangaza, kama anavyomtangazia kila mtu. "Natoa kilo moja ya gunia."

"Toa nyingine ya maji!" akadakia mama mmoja, ambaye majani yake hukatwa kilo yakilowa.

Mashine ya mizani ikatema risiti. Rubani akaisoma kwa sauti mbele ya meneja na wageni: "Majani mabichi, kilo mia moja." Kisha akaomba kalamu, akafuta jina langu.