Bahasha Nyeupe za Jimbo

Wifi yangu Lucille Thibodeau amechambua viazi miaka ishirini na miwili katika ghala letu huku kaskazini mwa jimbo la Maine, Marekani. Kaka yangu Rosaire, mumewe, alipopooza upande mmoja, bima ya serikali ikaanza kumlipa mhudumu, Corinne, aje kila asubuhi kumwogesha na kumlisha. Bila Corinne, ama Lucille aache kazi, ama Rosaire apelekwe nyumba ya wazee mbali na sisi. Hilo tu ndilo lililomnyima Lucille usingizi.

Majira ya baridi yale serikali kuu ya Washington ilitaka kupunguza fedha za bima inazoyapa majimbo. Jimbo letu lilikataa katakata, likatafuta watu wa kueleza maisha yao mbele ya kamati ya bunge lake. Lucille akajitolea. Mara tatu nilimwendesha hadi Augusta, makao makuu ya jimbo, mwendo wa saa tano kwenda, saa tano kurudi, theluji tele, ili azungumze dakika mbili. Kila mara kengele ya muda ilimkatiza kabla hajafika kwenye habari za Corinne.

"Wifi, umechoka," nilimwambia safari ya tatu.

"Nisiposema mimi atasema nani? Wewe? Ukifungua mdomo tu watatufukuza."

"Ningewapiga viazi."

"Vibovu lakini. Vizima tutakula."

Baada ya kila safari jimbo lilimwandikia: asante, usikate tamaa, mpigie simu mbunge wako. Bahasha nyeupe zenye mhuri wa bluu, mbili tatu kwa wiki. Na kwetu karatasi isiyo na kazi haitupwi. Inaingia kikapuni kando ya jiko la kuni, iwashe moto. Mwanzoni Lucille alizisoma zote. Baadaye hakuzifungua tena. Nami nimewashia moto bahasha zile kwa mkono wangu huu, kwa hiyo sina mdomo wa kumlaumu.

Tuliporudi safari hiyo ya tatu, tulimkuta Corinne jikoni, koti mwilini.

"Mama, ofisi imenipigia. Bima ya Rosaire imekatwa. Hamkurudisha fomu ya mwaka ya kuendelea na bima."

"Fomu gani?"

"Wanasema walituma kwa posta. Bahasha nyeupe, ina mhuri wa bluu."

Lucille alikitazama kikapu. Kilikuwa kitupu. Mganga hajigangi: alikuwa akiitetea bima ya jimbo zima, yake ikageuka majivu. Na aliyeikata hakuwa Washington. Lilikuwa jimbo letu wenyewe, lile lile lililompigia makofi. Nilitukana hadi Corinne akaziba masikio.

Lucille alipiga simu ofisini.

"Si wewe yule mama wa viazi?" sauti ikafurahi. "Jamani, ulitutoa machozi sote siku ile! Ila fomu hatunayo, mama. Itabidi uombe upya. Inaweza kufika siku arobaini na tano."

"Na Corinne je?"

"Hatuwezi kumlipa, mama. Pole sana."

Nilitaka kumnyang'anya simu. Yeye akasema, "Asante," akakata.

Asubuhi iliyofuata Lucille hakwenda ghalani. Tulimnyanyua Rosaire mimi na yeye, mgongo wangu ukalia.

"Viazi?" Rosaire aliuliza kwa taabu.

"Vitangoja," Lucille akamjibu.

Adhuhuri posta ilileta bahasha nyeupe. Lucille aliifungua kwa kisu cha jikoni, polepole, asichane kitu, akaisoma mbele na nyuma. Jimbo lilimwomba aende Augusta Alhamisi, akaieleze kamati maisha yake yangekuwaje bila bima.