Nguzo Nyekundu

Karani wa takwimu wa kiwanda cha chupa hulamba ncha ya penseli kabla ya kuchora, na hufuta zaidi kuliko anavyochora. Zamani alimpelekea meneja safu kumi na moja za tarakimu, meneja akapiga miayo. Siku hizi kila mchoro huubandika ukutani, kisha humwita mama mfagiaji asimame kule mlangoni. "Mama, unaona nini?" Mama akikunja uso tu, karatasi inachanwa. Wiki hii meneja aliapa kuifukuza zamu nzima ya jioni kwa kuvunja chupa, na karatasi zilichanwa nne. Ya tano ilikuwa na nguzo za kijivu, kila mashine na yake kwa chupa ilizovunja, mchana juu, jioni chini, na katika kila zamu moja tu nyekundu, ndefu kama mlingoti.

Mkutanoni karani alisimama na maelezo yake mdomoni. Meneja aliingia, akatupa jicho ukutani, akasahau kuketi. "Kumbe ni mashine ya tatu! Mchana na jioni, ni hiyo hiyo! Watu wangu wana kosa gani?" Karani akayameza maelezo yote, matamu kama asali. Mlangoni ufagio ukagota sakafu. "Mimi niliiona jana," mama akasema, "na miwani sina."