Ndimi Ndani ya Koti la Gavana

Norjmaa alikuwa mjane mwenye mikono mikubwa na maneno machache, na katika ile miaka migumu ndiye aliyempikia Galsandorj, gavana wa Benki Kuu, mjini Ulaanbaatar. Bei zilikuwa zikipanda asubuhi na jioni zikapanda tena. Mawaziri walikuja nyumbani kumbembeleza gavana achapishe noti, naye akawasindikiza hadi mlangoni kwa upole, mikono mitupu. Kisha akazifunga benki zilizowakopesha wakubwa wasiolipa. Katika mojawapo ndimo zilimozama fedha za mbuzi wote aliowauza Dulmaa, mama yake Norjmaa.

"Yaani unamchemshia supu mtu aliyenimeza mzima mzima?" Dulmaa alimuuliza binti yake, hemani kwake kilimani. Tangu hapo kila asubuhi alisimama mlangoni, akaligeukia jiji, akalitaja jina la gavana na kumwombea mabaya. Wala hakuwa peke yake. Kilima kizima kilikuwa kikimlaani, na maneno ya watu si moshi wa kupeperuka.

Baridi ilipokolea, Norjmaa akaanza kusikia kitu. Ilikuwa mchana, jua limejaa sebuleni, gavana amekuja kula na sasa amejinyoosha chumbani. Koti lake la ngozi ya kondoo lilitundikwa karibu na mlango. Mbwa wa nyumba alilitazama, akarudi nyuma polepole, mkia umefyatwa. Ndani ya koti mlitoka minong'ono, kama ya umati uliofungiwa chumba cha pili: wanawake, wazee, mtu anayekohoa. Norjmaa akasogeza sikio. Katikati ya sauti zile akaitambua moja.

"Umemsikia nani?"

Gavana alikuwa amesimama nyuma yake, na soksi tu miguuni.

"Mama yangu, mheshimiwa."

"Anasemaje?"

"Anasema usingizi ukukimbie."

"Ulishanikimbia zamani, dada." Alitabasamu, macho mekundu. "Sauti hizi zilianza siku ile niliyofunga milango ya benki. Nikadhani nimechoka."

"Basi tulichome! Au tumwite lama wa hekaluni alisomee dua."

"Tusilichome. Hao watu hawakuwa na pengine pa kusemea." Akalitungua koti, akalivaa kwa taabu, kama mtu anayebeba mzigo. "Nipeleke kwa mama."

Wakapanda kilima kwa miguu. Kila walipopita, mbwa wa mtaa waliacha kubweka.

Dulmaa hakuinuka. "Karibu, mwizi. Keti, nje baridi."

Gavana akavua koti, akaliweka kando ya jiko, akaketi. "Benki ile ilikuwa imeoza, mama. Ningeiacha, ingekula na mali za wengine."

"Mimi siyo wengine."

"Kweli," akasema.

Hapo koti likaanza kunong'ona. Minong'ono ikatambaa kwenye mazulia, ikapanda kuta za sufi, hata moto jikoni ukapungua. Dulmaa akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye mkono wa koti, kavu, bila pumzi, ikiwaombea kifo watoto wa gavana, mmoja mmoja kwa jina.

"Hayo sikuyasema!" akapiga kelele. "Norjmaa, sikuyasema!"

"Uliyawaza, mama?"

 Bibi akachota chai ya maziwa, akampa gavana bakuli kwa mikono miwili.

"Sikusamehe," alisema. "Ila kunywa. Mdomo wangu nimeufunga leo."

Sauti ile moja ikakatika. Nyingine ziliendelea, na gavana akateremka nazo jijini.

Hakuuona mwaka mwingine. Walimkuta mezani ofisini, kalamu mkononi, kama anayesikiliza. Lakini noti hazikuchapishwa ovyo, na wachuuzi sokoni waliacha kubadili bei kabla ya chai kupoa. Dulmaa hakurudishiwa kitu. Alisuka kamba, akauza, akaweka akiba yake chini ya godoro toka theluji hadi majani, na alipoitoa ikatosha kununua kondoo wawili, kwa bei ileile aliyoipigia hesabu.

Norjmaa akahamia kupika shuleni. Watu humuuliza gavana alikuwa mtu wa namna gani, naye husema alipenda mkia wa kondoo na hakumpandishia mtu sauti. Mama yake hakumsifu kamwe. Ila redio ikilitaja jina lile, bibi huwanyamazisha wote hemani, mtu asije akalilaani.