Bibi alivyonikatia vilele vya kabichi zangu zote nikiwa msibani (Mugeta, enzi za ruksa)

Wakuu, habari za mchana huu.

Mimi huwa nasoma tu humu, siandikagi. Shule yangu iliishia darasa la saba na naandika polepole, kwa hiyo nivumilieni. Ninachosimulia kilinitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nilikuwa binti, nimemaliza shule, nipo nyumbani Mugeta. Ni ile miaka vitu vimeanza kurudi madukani baada ya foleni za sukari na sabuni. Mitumba imeingia, na watu wanaleta vitu kutoka Sirari, mpakani na Kenya, bila kujificha sana.

Sasa mnielewe, nilikuwa na aibu ya kupitiliza. Mgeni akibisha hodi napitia mlango wa nyuma. Nikitumwa dukani nasubiri mpaka wateja wote waondoke ndipo niseme ninachotaka.

Shangazi yangu alikuwa na hoteli Musoma mjini, hizi hoteli zetu za chai na ugali. Akamtumia baba ujumbe kwamba anataka binti wa kuhudumia wateja, na kwa kuwa mimi nimekaa tu, basi nipelekwe.

Kwa mtu mwingine ingekuwa bahati. Mimi nilikosa usingizi. Kusimama mbele ya wanaume wageni na kuuliza "nikuletee nini?" niliona ni heri kulima mpaka nizeeke.

Mama ndiye aliyenitetea. Baba akakubali kunipa kipande cha bondeni, karibu na mto, msimu mmoja.

Akasema, "Kikitoa kitu cha maana, utabaki. Kisipotoa, Magesa apande viazi vyake, na wewe uende kwa shangazi yako."

Magesa ni kaka yangu. Alikuwa anakitamani kile kipande siku nyingi.

Mjomba alikuwa ameniletea mbegu za kabichi kwenye kikopo kidogo cha bati. Kwetu kabichi ilikuwa mboga ya mjini. Sisi tulikulaga mgagani, mnavu, majani ya kunde na mlenda. Kabichi tuliiona Bunda sokoni, imeshafunga, hatujui ilivyokuwa utotoni.

Nikatengeneza kitalu, nikahamisha miche, nikamwagilia asubuhi na jioni. Nikanyunyiza majivu kuzuia wadudu. Zikashika vizuri sana, majani mapana yana rangi kama ya moshi.

Hapo ndipo tukapata msiba kijiji cha Buswahili, kwa mama mdogo. Tukaenda mimi na mama. Shamba nikamwachia bibi, mama yake baba, animwagilie.

Tuliporudi nilipitiliza bondeni kabla hata ya kutua mzigo.

Wakuu, kila mche ulikuwa umekatwa kilele. Wote. Pale katikati ambapo kabichi inajifunga, hakuna kitu.

Nikajua ni mbuzi. Lakini mbuzi gani anayekata kwa mstari, mche kwa mche, bila kuruka hata mmoja?

Nikakimbia nyumbani. Bibi yuko jikoni, amefurahi kabisa.

"Mke mwenzangu umerudi!" Aliniitaga hivyo kwa utani, kama bibi wengi wa kwetu. "Njoo uonje mboga yako. Nimeitia karanga."

Machozi yakanitoka.

"Unalia nini? Zilikuwa zinarefuka bure. Mboga ukiiacha inatoa maua, utakula maua?"

Kwa wasiofahamu: mgagani ukishakua kidogo unaukata kilele, unatoa matawi ubavuni na unachuma muda mrefu. Usipoukata unakimbilia maua na kukomaa. Bibi alifanya hivyo maisha yake yote. Alinisaidia kwa moyo safi, na mgongo wake ukimuuma.

Nikala ile mboga huku nalia. Na ilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Jioni Magesa akapita bondeni, akarudi anacheka mpaka anashika mbavu. "Baba, kabichi za huyu zimenyolewa! Kesho naingiza jembe."

Baba akaniangalia. Nilikuwa sijawahi kumjibu baba zaidi ya "ndiyo". Nikasikia mdomo wangu unasema, "Naomba zisubiri, baba. Msimu haujaisha."

Magesa akaacha kucheka. Nadhani hakuijua sauti yangu.

Baba akasema, "Haya. Msimu haujaisha."

Nikaendelea kumwagilia visiki, na watu wakipita wanauliza namwagilia kuni?

Baadaye kidogo, pale kila jani liliposhikia shina, pakaanza kutoka machipukizi. Madogo kama kucha. Yakakua, yakaanza kujikunja yenyewe. Mche mmoja ukawa na kabichi tatu, mwingine nne, hakuna iliyozidi ngumi ya mtu mzima.

Bibi alipoziona akasema tu, "Si nilikuambia?"

Siku ya soko nikaenda Bunda na gunia langu. Nikakaa pembeni, nyuma ya wenye kabichi kubwa kama ndoo. Nimeinamisha kichwa, naomba Mungu mtu asiniulize kitu. Ajabu yangu hiyo, muuzaji anayeomba wateja wasije!

Akaja mzee mmoja wa Kiislamu, fundi cherehani, futi ya kupimia nguo bado iko shingoni.

"Binti, hizi kabichi au watoto wa kabichi?"

Wauzaji wenzangu wakacheka. Nilitaka ardhi ipasuke. Lakini nikaikumbuka hoteli ya shangazi, nikasema, "Ni kabichi, babu. Bibi alizikata vilele, zikazaa pembeni."

"Bibi yako ana mambo." Akachukua moja, akabandua jani, akalitafuna bichi. "Mimi na mke wangu tuko wawili tu. Hizo kubwa tunakula leo, kesho inalala, keshokutwa inanuka nyumba nzima. Hii inaisha kwa mlo mmoja. Nifungie."

Akaondoka anawaambia watu njiani. Wakaja akina mama wenye familia ndogo, na walimu wanaoishi peke yao. Kila mmoja ananiuliza, na mimi namjibu kila mmoja ile ile habari ya bibi. Kufika mchana nilikuwa naisimulia mpaka nacheka mwenyewe.

Nilirudi nyumbani gunia limekunjwa kwapani.

Baba alilitazama. Siku shangazi alipofika kunichukua, nilimsikia baba uani akimwambia, "Dada, tafuta mwingine. Huyu ana shamba."

Wakuu, hiyo "ana shamba" ninayo mpaka leo, na kile kipande pia. Kila msimu mistari mingine naiacha ifunge, mingine naikata kilele. Bibi ametangulia. Mpaka anaondoka aliita kabichi mgagani wa Wazungu.

Nilichojifunza ni kidogo: mche uliokatwa usiung'oe kwa hasira, mwagilia kwanza uone.

Huko kwenu nani anajua mboga nyingine inayochipua hivi ikikatwa? Niambieni, hata mkinicheka nitawajibu. Siku hizi najibu.