Pulchérie na Andazi la Mkanda Mweupe

Tramu ya kwanza bado haijapita Barabara ya Roncesvalles, magharibi mwa Toronto, lakini Pulchérie Nabintu amekwisha simama mbele ya karai la mafuta, katika duka la mikate la Wapolandi. Mikono ameifumbata nyuma, kana kwamba anaogopa itamponza.

Ni Februari 1998, Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Siku hii Wapolandi hula pączek, andazi la duara lenye jamu ndani, mpaka vidole ving'ae mafuta. Foleni imekwisha anza nje, na theluji haimrudishi mtu nyumbani.

"Kwetu Bukavu, Kwaresima tunaiingilia na kutubu," anasema Pulchérie, Mkongo na Mkatoliki wa kuzaliwa. "Hawa banaiingilia na mafuta ku midomo. Miye sielewi kitu."

Asiyoyaelewa ni mengi. Bi Danuta, mwenye duka, amemweleza kwamba pąk ni tumba la ua, na pączek ni kitumba. Mtoto mnene naye huitwa pączek. Anayeishi kwa raha ni pączek kwenye siagi.

"Sasa ni mukate, ni ua, ao ni mutu?" anauliza. Kichwa kinamzunguka.

Jana alijitia matatani. Andazi hili hubaki na mkanda mweupe kiunoni, lakini Pulchérie, aliyekaanga maandazi katika soko la Kadutu kule Bukavu tangu usichana wake, aliuona mkanda akadhani ni ubichi. Akayazamisha yote kwa kijiko, yakaiva kahawia kotekote. Sinia zima likatupwa.

"Mkanda ndio unaoonyesha unga umeumuka vizuri, andazi likaelea!" alifoka Bi Danuta. Akampa siku ya leo tu ajirekebishe.

Bila kazi ya kudumu, Pulchérie hawezi kumleta binti yake Joyeuse, mwenye miaka tisa, aliyebaki Bukavu kwa shangazi tangu vita. Hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Basi leo anavumilia. Maandazi yanaelea, anayageuza mara moja tu, anarudisha mikono nyuma. Moyo unamwambia ni mabichi. Bi Danuta anapasua moja, anatafuna polepole, kisha anamrushia aproni mpya.

"Jumatatu usichelewe."

Pulchérie analia, wala hajifichi. Anatoa picha mfukoni. Joyeuse amekonda, mifupa ya mabega imechomoza.

"Akifika nitamulisha," anasema, "mpaka bazee ba hii barabara bamuite pączek."