Kibao Chekundu cha Kou Cailing

Kwao Kou Cailing, kwenye vilima vya viazi vya Gansu, Uchina, kila mtu hutembea, na hakuna aliyewahi kudhani kazi hiyo ina mshahara. Ndiyo maana timu ya riadha ya mkoa ilipomchukua Cailing kwa mashindano ya kutembea, akiwa na miaka kumi na minne, baba yake alitangaza kijijini kwamba binti ameenda kuwa mkimbiaji. Angesemaje? Kwamba serikali inamlisha nyama mara tatu kwa siku ili atembee?

Uongo huo ukaota mvi. Kwa miaka kumi na sita Cailing alizunguka barabara ileile ya kambini, kiuno kikikatika kama cha mcheza ngoma, mguu mmoja daima ukiwa chini, maana ukiinua yote miwili umekimbia, na kukimbia ni kosa. Wenzake wa chumbani waliolewa mmoja baada ya mwingine. Kitanda cha nne kikawa stoo ya maji ya chupa. Kila Jumapili baba alipiga simu.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya, usimalize chaji."

Kisha wakubwa wa riadha, ambao hawajawahi kutembea zaidi ya kutoka kwenye gari hadi mezani, wakaamua kwamba kilomita hamsini za kutembea ni nyingi mno hata kwa kutazama. Wakazifuta. Yakabaki mashindano ya mwisho. Medali Cailing alishaiaga zamani. Alitaka kitu kimoja tu: baba yake amwone akimaliza.

"Baba, njoo."

Mzee Kou akaja na mfuko wa viazi vya kuchemsha, pamoja na jirani yake Pang, mdomo wa kijiji, aliyeficha fataki kwenye koti. Wakasimama kwenye kona. Kila baada ya kilomita mbili Cailing aliwapita, uso ukimtazama aliye mbele.

"Ndugu Kou," Pang akauliza kwenye mzunguko wa tatu, "huyu mkimbiaji wako mbona anatembea?"

"Anatunza nguvu! Atakimbia mwishoni."

"Na hicho kiuno?"

"Ndiyo mbinu yenyewe. Wewe unajua nini, Pang? Ulishakimbia nini zaidi ya mkeo?"

Kufikia kilomita arobaini Cailing alikuwa na kadi mbili nyekundu kutoka kwa waamuzi wawili. Ya tatu ingemtoa. Akaubana mwendo, akahesabu hatua, akazuia hata pumzi. Kilomita arobaini na sita, pale konani, uvumilivu wa mzee ukakatika.

"Lingling! Sasa! Kimbia, mwanangu, kimbia!"

Lingling, jina lake la utotoni. Kambini hakuna aliyelijua. Cailing akacheka kwa sauti, na miguu, maskini, nayo ikacheka. Yote miwili ikaachana na lami.

Mita mia mbele, mwamuzi mkuu, bwana mwenye kofia nyeupe, akamkingia njia na kuinua juu kibao chekundu: kadi ya tatu, ametolewa.

Sasa, kwao Cailing nyekundu ni harusi, ni mlango wa mwaka mpya, ni bahasha ya zawadi. Mzee Kou akapiga makofi hadi kofia ikamdondoka. Pang akawasha fataki. Askari akamkimbilia Pang, na askari huyo ndiye mtu pekee aliyekimbia siku ile kwa ruhusa.

Cailing akarudi konani, namba yake ya kifuani ikiwa mkononi.

"Baba, wameni..."

"Nimeona! Umati wote ule, mwenye kofia kakuchagua wewe!" Macho ya mzee yalikuwa yamelowa. "Na hao wengine wanahangaika nini tena?"

Cailing akamtazama.

"Wao bado hawajapewa, Baba."

"Watatoka jasho! Kula kiazi."

Akala. Kilikuwa kimepoa, na chumvi imesahaulika nyumbani. Saa tisa akawapakia kwenye basi. Pang alikuwa tayari anawasimulia abiria habari za kibao, na mzee Kou anamsahihisha ili kiwe kikubwa zaidi.

Cailing akarudi barabarani. Mahema ya mashindano yalikuwa yameshakunjwa. Akasimama pale alipokingiwa njia na mwenye kofia nyeupe, akaanza: kilomita nne zilizobaki, goti limenyooka, mguu mmoja daima chini.

Konani mwanamke alikuwa akifagia.

"Dada, yameisha hayo!"

"Najua, shangazi. Nipishe kidogo."

Mwanamke akauinua ufagio, akampisha, kisha akarudia karatasi zake nyekundu za fataki.